Kumfuata Ahmad bin Naaman Mitaa ya New York

Kituo cha treni cha Rector Street kiko karibu na ncha ya kusini ya Manhattan. Wengi wanaoshuka hapo wana kazi zao benki, au ni watalii wanaoulizia Wall Street. Mimi nilikuwa natafuta gati ya mwaka 1840. Binamu yangu, mkaazi wa Brooklyn, alinisindikiza shingo upande.

"Yaani umetoka Unguja mpaka huku kutafuta jahazi?"

Si jahazi, nikamwambia, ni merikebu. Inaitwa Sultana, mali ya Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, na ilitia nanga mwisho wa mtaa huu tarehe 30 Aprili 1840. Tukateremka mpaka West Street. Maji hayapo. Kuna barabara pana ya magari, na ng'ambo yake majengo marefu yaliyosimama juu ya kifusi. Sehemu ya udongo huo ilichimbwa wakati wa kujenga World Trade Center. Bandari aliyoingilia Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid, imezikwa. Binamu akacheka, akaenda kununua kahawa.

Nikamsimulia tukiwa tumekaa. Mwaka 1833, Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani huko Muscat, na kuanzia 1837 Unguja ikawa na konsuli wa Kimarekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, mji wa bandari karibu na Boston. Watu wa Salem walinunua pembe, sandarusi na ngozi, wakaleta vitambaa vya merikani. Sayyid hakuwa mtu wa kukaa pwani akingoja faida imfikie. Akaijaza Sultana karafuu, pembe, kahawa, tende, sandarusi, mazulia na ngozi, akamkabidhi katibu wake, Ahmad bin Naaman al-Kaabi.

Kwa protokali ya leo, sidhani kama angekubalika kirahisi kuwa balozi. Hakuwa na ofisi wala bendera mlangoni, na kazi yake kubwa ilikuwa kuuza shehena kwa bei nzuri. Lakini jiji la New York lilimpokea kibalozi. Wajumbe wa baraza la jiji walimtembeza, na wakaagiza achorwe. Picha hiyo ya Edward Mooney ndiyo iliyonitoa nyumbani, ingawa nakala ninayoijua ni ya kitabuni tu: kilemba, ndevu, macho yanayomtazama mtazamaji bila haraka.

Tukapanda Broadway kuelekea City Hall. Tulipita kanisa la Trinity, na hapo nikamuudhi tena binamu: mnara huu Ahmad hakuuona, kwani kanisa hili lilifunguliwa 1846. City Hall yenyewe ndiyo ileile, imekuwapo tangu 1812. Nilisimama nje ya uzio nikimfikiria akizungukwa na watu waliotaka tu kushangaa mavazi yake, huku akili yake iko kwenye bei ya karafuu.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa zawadi. Sayyid alimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, zulia, marashi na upanga. Kwetu kurudisha zawadi ni tusi. Kwao katiba inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni bila ridhaa ya Bunge. Van Buren akaomba udhuru, Bunge likaruhusu zipokelewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa. Haya yangeweza kuharibu urafiki wote. Hayakuharibu, na hapo ndipo namhesabu Ahmad mwanadiplomasia hasa.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Karafuu zile zilichumwa na watumwa, na pembe zilibebwa hadi pwani na watu ambao wengi wao hawakuwa huru. Ahmad aliziuza katika jimbo ambalo lilikuwa limekomesha utumwa 1827. Nyuma ya kilemba kile kizuri, hilo nalo lipo.

Mchana tukavuka kwenda Brooklyn Navy Yard, siku hizi eneo la viwanda na karakana. Hapo jeshi la majini la Marekani liliitengeneza Sultana kwa gharama ya serikali, maana ilikuwa imefika hoi. Nahodha wake Mwingereza alikuwa mlevi, kwa hiyo safari ya kurudi akaajiriwa Mmarekani, Sandwith Drinker, aliyeacha shajara ya safari. Waliondoka Agosti, wakafika Unguja Disemba.

Ahmad aliendelea kuutumikia ufalme hadi uzeeni, akafariki 1869. Binamu akauliza kama Ikulu ilimpa hata barabara. Nikamwambia sijaiona, halafu nikamuuliza treni ya Salem inaanzia wapi, maana picha ya Mooney iko kwenye makumbusho ya huko.

"Unapanda basi mpaka Boston kwanza," akasema. "Na safari hiyo unakwenda peke yako."