Chozi wawili wa Arabuko-Sokoke: anza na tumbo

Ukimtafuta ndege mdogo aitwaye chozi wa Amani (Hedydipna pallidigaster) katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, utatangulia kukutana na nduguye, Hedydipna collaris. Huyu wa pili nitamwita chozi wa kola. Wote hawafiki sentimita 11, na midomo yao ni mifupi kwa chozi, maana wadudu na buibui ni sehemu kubwa ya chakula chao.

Wa kola hupenda pembezoni mwa msitu, vichakani na hata bustanini. Wa Amani, hapa Sokoke, ni ndege wa mirihi, ile miti ya kwenye mchanga mweupe, naye hushinda juu kabisa majanini. Ukiona udongo umekuwa mwekundu, umeshaipita mirihi, rudi.

Kosa la kawaida ni kumtambua ndege kwa kimo alichokaa. Wa kola naye hupanda juu. Kinachoamua ni tumbo: dume wa Amani ana tumbo jeupe, na kijani chake kimekolea hata kivulini huonekana mweusi. Dume wa kola ana tumbo la manjano, mgongo wa kijani angavu na ukanda mwembamba wa zambarau chini ya koo. Kwa majike tumbo peke yake halitoshi, kwani la jike wa Amani huweza kuwa na umanjano hafifu. Tazama mgongo: wa kola humeta kijani, wa Amani ni kijivu.

Ndege akiwa kati yako na anga angavu, tumbo lolote huonekana jeusi. Basi asubuhi simama upande wa mashariki wa mti, jua likiwa mgongoni mwako. Darubini ya 8x42 inafaa kuliko ya 10x42, kwani huonyesha eneo pana zaidi, na chozi hatulii. Usimfukuze mmoja mmoja. Subiri kundi la ndege wa aina mbalimbali wanaowinda wadudu pamoja, kisha kagua kila ndege mdogo aliye juu.

Katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, uliko mji wa Amani alikopatia jina, huyu wa Amani huishi kwenye msitu usiokauka majani, kwa hiyo kanuni ya mchanga mweupe haifai huko. Ile ya tumbo inafaa. Dunia nzima ana misitu michache tu, yote ya Kenya na Tanzania. Mirihi ya Sokoke ikikatwa, wa kola atabaki vichakani. Wa Amani hana pa kuhamia.