Kumbukumbu ya mradi wangu wa zege: kutoka siku ya 1 hadi ya 56

Siku ya 1. Nimejaza kalibu 27 za michemraba, tisa kwa kila mchanganyiko. Wa kwanza ni saruji tupu. Wa pili nimeondoa asilimia 30 ya saruji nikaweka majivu ya makaa ya mawe. Wa tatu nusu nzima ni mavi ya chuma, ambayo viwandani huitwa slagi: yakitoka tanurini hupozwa ghafla kwa maji, kisha husagwa yakawa unga.

Kinachonisukuma ni hiki. Saruji huokwa kwenye joto la nyuzi 1450 hivi, lakini kaboni nyingi, yaani hewa ya ukaa inayopasha dunia joto, haitoki kwenye moto. Hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Hata ukipata moto safi kabisa, jiwe bado litaitoa. Kwa hiyo njia ya uhakika ni kutumia saruji kidogo.

Mchanganyiko wa majivu ulikuwa laini mno. Punje zake ni za duara, zinateleza, nikapunguza maji.

Siku ya 2. Nimefungua kalibu mapema. Kingo za michemraba miwili ya majivu zimemomonyoka. Iliyobaki nimeiacha hadi kesho, ndipo niitumbukize yote majini.

Siku ya 7. Nimevunja mitatu ya kila aina kupima nguvu. Saruji tupu imeshinda kwa mbali, na ile ya majivu imenivunja moyo. Nimerudi kusoma, nikaelewa kosa lilikuwa haraka yangu. Majivu hayashiki kwa maji peke yake. Husubiri saruji ikishika iachie chokaa, kisha silika yake (madini yaliyomo pia kwenye mchanga) huungana na chokaa hiyo na kuwa gundi ileile inayoshikilia zege. Slagi ina kalsiamu yake, ila nayo huhitaji kuamshwa.

Siku ya 28. Slagi imeifikia saruji tupu! Nilipoivunja, ndani ilikuwa na rangi ya kijani-bluu iliyonishtua. Kumbe ni kawaida yake, na hufifia ikipata hewa.

Siku ya 56. Majivu yameipita saruji tupu, kidogo tu, lakini yameipita. Nimefurahi sana. Michemraba hii ilikaa majini muda wote. Ingekauka mapema, chokaa na silika zisingekutana.

Gunia moja la majivu nimelitenga kwa sababu ni jeusi mno, dalili ya makaa yasiyoungua vizuri. Awamu ijayo ni slagi asilimia 70, na kalibu zitafunguliwa siku ya tatu.