Satini ya rangi ya zabibu

Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha tatu, na dada yangu mkubwa alikuwa anaolewa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, hapa hapa Dodoma. Rangi ya harusi aliichagua mwenyewe: zabibu. Si zambarau, alisisitiza, wala si damu ya mzee. Zabibu. Alimpelekea fundi kishada kizima kutoka shamba la baba mdogo kule Hombolo, na fundi akakiweka juu ya meza ya cherehani, akawa anakilinganisha na kila satini aliyoletewa mpaka wajukuu zake wakakimaliza.

Wapambe walikuwa sita. Satini iliyonunuliwa ikatosha magauni manne. Jumatano mama mkubwa akanipa pesa pamoja na kipande cha mfano, upana wa kiganja, akaniambia nikitoka shule nipitie madukani nitafute kinachofanana. "Kifanane, umenisikia? Kisikaribie tu. Kifanane."

Nilizunguka mpaka magharibi ikaingia. Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, kila baraza karibu na soko la Majengo lina jenereta linalounguruma. Duka nililopata satini liliwashwa enajiseva tatu, zile balbu zilizojisokota kama dawa ya mbu, mwanga wake mweupe wa kupauka. Muuzaji akashusha jora, akalikunjua juu ya meza, nami nikaweka kipande changu juu yake.

Kilipotea. Sijui nieleze vipi vingine. Nilipapasa kwa kidole kutafuta ukingo, maana kwa macho sikuuona. Nikakihamisha huku na huku, nikainama, nikafumba jicho moja. Hakukuwa na mpaka. Nikalipia mita nane, nikapanda daladala Jamatini nikiwa na furaha ya mtu aliyetumwa akaweza.

Asubuhi yake tulikuwa kwenye baraza la fundi kabla sijaenda shule, jua limeshapanda na upepo wa Agosti unapeperusha vumbi. Fundi akakunjua kile kitambaa. Mama mkubwa akashika kiuno.

"Hiki nini?"

Juani satini yangu ilikuwa na hudhurungi ndani yake, kama chai ya rangi iliyolala. Kipande cha mfano pembeni yake kilikuwa zabibu kabisa. Hata mpita njia angeona.

"Nimekutuma zabibu, umeniletea matope."

"Haki ya Mungu, mama mkubwa, dukani vilikuwa sawa."

"Kuapa kunabadilisha kitambaa?"

Nililia. Haikuwa hofu ya kuchapwa. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimeangalia kweli, kwa makini yangu yote, na macho yangu yaliniambia kitu kimoja bila kusitasita. Sasa macho yale yale yananiambia kingine.

Fundi wetu alikuwa mzee wa Kondoa, mpole, asiye na maneno mengi. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, ulinunua saa ngapi?"

"Saa moja usiku, babu."

"Kwenye taa?"

"Ndiyo."

"Basi mtoto hana kosa," akamwambia mama mkubwa. "Mimi hata uzi sinunui kwenye taa. Namwambia mwenye duka, naomba nitoke nao nje kwanza."

Mama mkubwa hakukubali. Fundi akachukua vitambaa vyote viwili, akaingia chumba cha ndani anakohifadhia nguo, akafunga dirisha la mbao, akawasha taa yake ya kuchaji yenye tyubu fupi. Akatuita. Pale kwenye mkeka vililala vitambaa viwili vya rangi moja. Mama mkubwa akavinyakua akatoka navyo nje: viwili. Akarudi ndani: kimoja. Akatoka tena. Safari ya tatu akakaa kwenye kiti cha wateja, kimya, na mimi nikajua nimesamehewa ingawa hakusema.

Shuleni nilikwenda na vipande viwili ndani ya daftari. Mwalimu wa fizikia muhula ule ule alikuwa ametufundisha mwanga, nami nilikuwa nimekariri rangi saba za upinde wa mvua kwa mpangilio, nikidhani nimeelewa. Nilimsimulia. Hakunijibu, aliingia ofisini akatoka na CD ya muziki, akanisimamisha mlangoni niishike hivi, niigeuze vile, mpaka jua likaangukia upande unaong'aa. Upinde ukatokea: nyekundu ikiyeyuka kuwa chungwa, chungwa kuwa manjano, manjano kuwa kijani, mpaka urujuani, bila pengo popote. Uso wa CD una mstari mmoja unaojizungusha, mzunguko na mzunguko ukiachana kwa maikromita 1.6 tu (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na nafasi hiyo ndogo inatosha kuuchambua mwanga. Mwanasayansi Mwingereza Newton aliifanya kazi hiyo kwa mche wa kioo, kipande cha kioo cha pembe tatu, mwaka 1666, katika chumba chenye giza na tundu moja la kupitishia jua.

Kisha mwalimu akaniingiza ofisini, ambako umeme ulikuwa umerudi, akaniambia niielekeze CD ile kwenye enajiseva ya darini. Hapo ndipo mwili ulinisisimka. Upinde ulikuwa umekatikakatika. Kipande cha bluu, giza, kipande cha kijani kikali, giza, kipande cha nyekundu ya kuelekea chungwa. Ule mwanga niliouita mweupe ulikuwa na matundu.

Ndani ya balbu ile, mwalimu alieleza, kuna mvuke wa zebaki. Umeme ukipita, zebaki inatoa mwanga ambao sehemu kubwa yake jicho haliuoni, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaupokea na kuutoa upya, kwa rangi chache zilizochaguliwa ili zikichanganyika zionekane nyeupe. Jua halichagui. Kuanzia urujuani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), mpaka wekundu wa 700 hivi, linatoa zote.

Akaweka vipande vyangu mezani. Kitambaa hakina mwanga wake, alisema. Kinaletewa, kinameza baadhi, kinarudisha kilichobaki. Hivi viwili vimetiwa rangi tofauti kiwandani, kwa hiyo havimezi sawa. Ila jicho nalo lina seli za kutambua rangi za aina tatu tu, na kila aina inapeleka jumla yake, haipeleki hesabu nzima. Ukimlipa mtu elfu moja kwa noti mbili za mia tano au kwa sarafu kumi za mia, kwake ni elfu. Chini ya enajiseva jumla za vitambaa viwili zililingana, na pale vilipotofautiana zaidi, taa haikuwa na mwanga wa kuvianika. Jua lilipoleta rangi zilizokosekana, jumla zikapishana.

Nilitembea kurudi nyumbani siku hiyo nikitazama kila kitu: udongo mwekundu, mabati, sare yangu mwenyewe. Mpaka leo sijaacha.

Jora la kwanza lilikuwa limekwisha dukani, na muda hatukuwa nao. Fundi akashona magauni mawili kwa satini yangu, akashauri wasichana hao wasimame mwisho wa mstari, mmoja kila upande, ionekane imepangwa. Kanisani, mchana kweupe, ilionekana imepangwa. Shangazi mmoja hata alisifu.

Jioni tukahamia ukumbini. Wapambe sita waliingia wakicheza chini ya taa nyeupe za darini, na nilipowatazama nikasimama kwenye kiti. Wote sita walikuwa zabibu. Mama mkubwa alikuwa meza ya mbele. Aligeuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akaninyooshea kidole kuelekea wasichana, kama anayeniuliza, unaona?

Mpiga video alikuwa na taa ya bega, ile ya moto yenye mwanga wa kimanjano, balbu ya waya, isiyo na matundu katika rangi zake. Akaanza kuupitia mstari, msichana mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa yule wa mwisho, gauni likaacha rangi ya wenzake, likawa chai. Akasogeza taa. Likarudi zabibu.