Mganga, Jabali na Pepo Mtoto: jazi ya Wamarekani yenye majina yetu

Mjomba wangu ni mtu wa NUTA Jazz na Morogoro Jazz, kwake jazi ni magitaa yanajibizana, saksofoni zinaingia katikati, na mwimbaji analalamika kaachwa. Sasa Jumapili moja kanikuta sebuleni nimeweka Mwandishi, albamu ya Herbie Hancock, mpiga piano wa Marekani, akakaa, akanywa chai yake kimya kama dakika kumi hivi, halafu akauliza, "We mjomba, hawa wanaanza kuimba saa ngapi?" Nikamwambia hawaimbi. Akachukua kava akaligeuza huku na huku. "Sasa kama hawaimbi Kiswahili cha nini?"

Swali lake limenikaa kichwani mpaka leo maana mimi mwenyewe ndo nilivyoingia kwenye jazi ya Wamarekani, kupitia majina. Sikuanza na Louis Armstrong wala Charlie Parker kama wenzangu, nilianza kwa kuona neno letu kwenye kava la mtu wa mbali na kushangaa limefikaje huko. Nikawa nanunua chochote chenye Kiswahili. Kosa kubwa hilo, nimetupa hela nyingi sana kwa staili hiyo, na ndo maana naandika hapa, maana kuna santuri zenye Kiswahili cha kubandika tu na kuna chache, chache kweli, ambazo hilo jina lina kazi yake mle ndani.

Chukua Clark Terry, mpiga tarumbeta. Mwaka 1955 karekodi albamu yake kwa lebo ya EmArcy na mle kuna kibao kinaitwa "Swahili", mtunzi Quincy Jones, bado kijana kabisa. Kwenye piano Horace Silver, kwenye dramsi Art Blakey, yaani ukisoma majina hayo mate yanakudondoka. Na kibao ni kitamu sitakataa, Blakey anapiga kama kakasirishwa. Ila Kiswahili hamna hata chembe. Wangekiita "Kihausa" au "Bahari ya Hindi" kisingebadilika kitu. Vivyo hivyo "Tanganyika Strut" ya mwaka 1958, ya Wilbur Harden wa tarumbeta na John Coltrane wa saksofoni, lebo ya Savoy. Nilivyoipata nilitetemeka, Coltrane na Tanganyika kwenye sahani moja! Kumbe ni mwendo wa kawaida wa wakati ule, wanapiga vizuri, Coltrane anamwaga noti kama mahindi ya kukaanga, lakini Tanganyika yenyewe haipo, ni jina lililosikika zuri. Na Filles de Kilimanjaro ya Miles Davis, mpiga tarumbeta, 1968, basi hiyo jina lenyewe Kifaransa. Ni albamu kubwa, naiweka karibu kila mwezi, ila mlima hauuoni.

Siwalaumu. Miaka ile Afrika ilikuwa inajikomboa na watu weusi kule Marekani walitaka kushika kitu chochote cha huku, hata jina tu. Nasema kama mnunuzi: usitoe pesa kwa sababu ya neno kwenye kava. (Mimi nimetoa, najua ninachoongea.)

Hiyo ya Miles lakini ina stori yake. Imerekodiwa mara mbili, mwezi wa sita Herbie, aliyekuwa mpiga piano wa bendi ya Miles, yupo kwenye piano ya umeme, mwezi wa tisa hayupo, kaja Chick Corea. Herbie alienda fungate Brazil, akaumwa tumbo huko kwa sumu ya chakula, akachelewa kurudi, akakuta nafasi ina mtu. Mimi nasema tumbo lile limetusaidia sana, maana hapo ndo akawa na bendi yake mwenyewe, na bendi hiyo ndo ikazaa Mwandishi.

Sasa majina ya Kiswahili ya watu wa bendi hiyo yalitoka wapi. Kuna kijana mmoja anaitwa James Mtume, kwao wote wanamuziki, baba yake Jimmy Heath mpiga saksofoni, baba yake mdogo Albert Heath mpiga dramsi. Mtume alikuwa kwenye kundi la Maulana Karenga kule California, huyo aliyeanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, mwaka 1966, na kundi lile Kiswahili ndo ilikuwa lugha yao ya kujitafuta. Kwanini Kiswahili na mababu zao wengi walichukuliwa Afrika Magharibi? Kwa sababu sio lugha ya kabila moja, ndo wenyewe walivyosema, na mimi naona walipiga hesabu sawasawa. Mwisho wa 1969 Mtume, baba yake, baba mdogo, Herbie, Don Cherry na wengine wakaingia studio wakarekodi albamu ya Kawaida, vibao vinaitwa "Baraka", "Maulana", "Dunia", "Kamili". Mtume ndo akawagawia watu majina.

Na wagawiwa wakayabeba kweli. Herbie akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramsi akawa Jabali, Bennie Maupin akawa Mwile, hapo nadhani walikuwa wanautafuta mwili wakapitiliza kidogo, Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na Julian Priester wa tromboni, shikamoo, akawa Pepo Mtoto. Kwao ilikuwa na maana ya mtoto wa kiroho. Sasa jaribu kumwambia mama yako kuna bendi ina Mganga na Pepo humohumo, atakuuliza kwanini mganga hajamtoa. Lakini Mganga ndo jina linalonifurahisha kuliko yote kwa sababu Eddie Henderson alikuwa daktari kweli, wa hospitali, kasomea, mchana anatibu usiku anapuliza. Mganga kama mganga mkuu wa wilaya. Limemkaa kama shati la kupimiwa kwa fundi.

Albamu ya Mwandishi ilitoka 1971, vibao vitatu tu. Cha kwanza, "Ostinato", kimeandikwa kwa ajili ya Angela Davis, mwanaharakati mweusi wa Marekani aliyekuwa kizuizini wakati ule, na mapigo yake yanaenda kwa 15, siyo kwa 4 uliyozoea, ukijaribu kupiga makofi unajikuta peke yako ukumbini. Kuna madramsi mawili, Jabali upande mmoja, upande wa pili Leon Chancler ambaye alikuwa anaitwa Ndugu, na huyu Ndugu unamjua hata kama hujawahi kusikia jazi maishani, ndo kapiga dramsi kwenye "Billie Jean" ya Michael Jackson. Dunia ndogo jamani. Upande wa pili wa sahani wote ni kibao kimoja, dakika 21 na ushee, tromboni inaanza kama mtu anaita ng'ambo ya mto na wenzake wanachelewa kuitika. Hapo ndo mjomba aliponiuliza wanaimba saa ngapi. Jibu nililolipata baadaye, yeye keshaondoka, ni kwamba wanaitana. Yale majina hayapo kwenye kava kwa ajili yetu, walikuwa wanaitana wao kwa wao jukwaani, na ukisikiliza kwa makini unasikia watu walioacha majina ya mkataba nje ya mlango. Na Billy Hart mpaka uzeeni watu wanamwita Jabali.

Crossings, albamu iliyofuata, wengi wanaiweka juu zaidi. Mimi hapana. Sinthesaiza zimeingia nyingi mno, kuna sehemu najisikia niko karakana ya redio. Sextant ya 1973 inarudisha mwili kidogo, ila haikuuza, na kuzunguka na watu wote wale na mitambo ile ni gharama, bendi ikavunjika, Herbie akabaki na Maupin peke yake wakafanya Head Hunters, hiyo kila mtu anayo. Ukikuta mtu anajiita mpenzi wa Herbie na anaijua Head Hunters tu, mpe kiti, mpe Mwandishi, funga mlango.

Kuhusu kununua sasa. Nakala za mwanzo za Mwandishi zina lebo ya kijani ya kampuni ya Warner, yaani ile karatasi ya katikati ya sahani. Ile lebo yao yenye picha ya barabara na miti mirefu ni ya baadaye. Mimi sikimbizani na za mwanzo kwa kichwa upande, naangalia sahani yenyewe, naiinamisha kwenye mwanga, mikwaruzo ya juujuu sijali ila ile inayoshika kucha ukipitisha kidole naiacha. Muziki huu una sehemu nyingi za kimya, sahani iliyochoka inakaanga vitumbua mle ndani. Halafu Dar na joto hili usilaze santuri, simamisha, mbali na dirisha. Nilishaletewa moja kutoka nje, muuzaji kaandika safi kabisa, imefika imepinda kama chapati, sindano inapanda inashuka kama daladala kwenye matuta, nikamwandikia, kimya mpaka leo.

Na Kawaida ndo msalaba wangu. Imetolewa tena na tena na watu tofauti, mara kava lina jina la Herbie kubwa, mara Herbie na Don Cherry, wakati ya mwanzo ilitoka kwa jina la Albert Heath. Nilinunua moja ya bei chee nikidhani ni albamu ya Herbie nisiyoijua, kumbe nilishakuwa nayo kwa jina lingine. Basi ninazo mbili, na hakuna hata moja ya mwanzo. Mwenye nayo aniambie.

Ila ukiniuliza santuri moja tu ambayo Kiswahili chake sio cha kubandika, kabla hata ya Mwandishi, ni Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano. Imerekodiwa New York mwezi wa kumi na moja 1960, mwaka ule nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Tanganyika bado mwaka mmoja mbele. Bendi kubwa, kaipanga Melba Liston, mpiga tromboni, mwanamke ambaye angekuwa mwanaume angekuwa na sanamu. Max Roach wa dramsi yumo, Olatunji wa ngoma yumo, na Clark Terry yuleyule wa "Swahili" yumo, safari hii kaja mahali pake. Makaburu waliipiga marufuku kwao mwaka 1964, wanajua walichokisikia. Na inaanza na mtu anaongea Kiswahili, maneno ya mshairi Langston Hughes, msomaji ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga.

Mama yangu ni mtu wa Njombe, jazi hana habari nayo. Siku naiweka alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi.

"Nani huyo anaongea?"

Nikamsomea jina kwenye kava.

"Sanga? Huyo Mkinga huyo. Wa Makete. Kafuata nini huko?"

Nikaanza kumweleza New York, 1960, akanikatisha, akasema rudisha mwanzo. Nikainua sindano nikarudisha. Akasikiliza kasimama, maneno yakaisha, bendi yote ilipoingia akasema maharage yanaungua, akarudi jikoni.