Ninavyoipima saa ya hatua kwenye mashine ya kukimbilia

Ndani ya saa ya mazoezi kuna kihisi kidogo kinachopima mtikisiko wa mkono kwa pande tatu: mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia. Programu ya saa hutafuta mtikisiko unaojirudia kwa mpigo wa mtu anayetembea, na ikiupata huandika hatua. Miguu yako haiioni kabisa. Ndiyo maana mtu hupanda mashine, akashika vyuma vya mbele, akatembea nusu saa, na saa ikamwandikia sehemu ndogo tu ya mwendo wake. Mtu huyohuyo akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi mbili, saa inaweza kumwongezea hatua ambazo hakuzitembea.

Hapa Mtwara wengi wetu tunaofanya mazoezi ndani tunakimbia jua na unyevu wa pwani, na mjadala wa namba hauishi: saa inasema hivi, mashine inasema vile. Njia ninayoitumia kumaliza mjadala ni kuhesabu kwa kidole. Nachukua tasbihi ya kubonyeza, ile ya plastiki inayovaliwa kidoleni yenye kitufe na kioo cha namba, naivaa mkono usio na saa, na kubonyeza kila mguu wa kulia unapotua. Mwisho nazidisha kwa mbili. Kwa anayekimbia ni afadhali mwenzake arekodi video ya miguu kwa simu, kisha ahesabu polepole, kwa sababu kidole huchoka na kuruka hatua.

Utaratibu wenyewe ni huu. Simama kwenye kingo za pembeni, si juu ya mkanda, uache mkanda ufike kasi unayotaka. Andika namba iliyo kwenye saa, weka tasbihi kwenye sifuri, kisha shuka kwenye mkanda na utembee dakika 5 ukiacha mikono ibembee. Usiinue mkono kuchungulia saa katikati ya jaribio, maana kule kuinua kunavunja mpigo. Dakika 5 zikiisha rudi kwenye kingo, tulia kama nusu dakika, ndipo usome. Saa nyingi haziandiki hatua za mwanzo papo hapo. Husubiri kama hatua 10 mfululizo ili zijiridhishe kwamba ni kutembea kweli, halafu huziongeza zote kwa mkupuo, na kioo nacho huchelewa. Anayesoma haraka huibebesha saa kosa lisilo lake.

Rudia kwa kasi tatu: kilomita 3, 5 na 6 kwa saa. Hesabu kosa hivi: namba ya saa toa namba ya kidole, gawanya kwa namba ya kidole, zidisha kwa 100. Mfano, kidole kimetoa 568 na saa 512. Pungufu ni 56, sawa na asilimia 10 hivi. Japani, ambako kihesabu hatua kiitwacho Manpo-kei kiliingia sokoni mwaka 1965 na kuieneza ile namba ya hatua 10,000 kwa siku, waliweka kiwango cha kosa lisilozidi hatua 3 kwa kila 100. Kwa saa ya mkononi mimi naridhika na 5. Ikizidi hapo natafuta sababu.

Sababu ya kwanza kuitazama ni vyuma vya kushikia. Kushika kwa mkono mmoja tu, ule wenye saa, kunatosha kuharibu hesabu. Ya pili ni mwendo wa taratibu. Chini ya kilomita 3 kwa saa mkono hubembea kidogo mno, na programu huuona mtikisiko huo kama wa mtu anayepanga vyombo mezani, ikautupa. Kisha kuna mpangilio wa saa wenyewe: programu nyingi huuliza saa imevaliwa mkono gani. Ukisema ni mkono unaotumia zaidi, baadhi hupunguza wepesi wa kuhesabu ili zisidanganyike unapopika au kufua. Ukiihamisha saa bila kubadili jibu hilo, hesabu hupinda. Mkanda wa mpira nao ukiloa jasho huteleza na saa huchezacheza. Ifunge upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, kiasi kwamba ngozi inasogea pamoja na saa.

Umbali ni kesi nyingine, nami sikubali uchanganywe na hatua. Ndani ya jengo saa haina satelaiti za kuifaa, na hata zingekuwepo, wewe husogei. Kwa hiyo inazidisha hatua kwa urefu wa hatua inaoudhania. Mashine yenyewe huhesabu mizunguko ya mkanda, na hiyo inaweza kuhakikiwa. Zima mashine, weka alama ya chaki kwenye mkanda, uzungushe kwa mkono ukiupima kipande kwa kipande kwa futi kamba. Tuseme umepata meta 3. Washa, weka kilomita 5 kwa saa, mtu atembee juu yake (uzito hupunguza kasi ya mkanda uliochakaa), na mwingine apime muda wa mizunguko 20. Meta 60 zinatakiwa kuisha kwa sekunde 43. Zikichukua 45, kasi halisi ni kilomita 4.8.

Mashine ikishathibitika, urefu wa hatua unapatikana bila shida. Dakika 5 kwa kilomita 5 kwa saa ni meta 417. Gawanya kwa zile hatua 568, unapata sentimeta 73. Mtu huyohuyo kwa kilomita 3 kwa saa hupita meta 250, na akitumia hatua 450 basi kila moja ni sentimeta 56 tu. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo ingiza kwenye saa urefu wa kasi unayoitumia siku nyingi. Apple Watch hujifunza yenyewe ukitembea nje dakika 20 hivi penye anga wazi. Barabara ya lami ya kuelekea Mikindani asubuhi mapema inafaa. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa sababu hatua hufupika.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio, mkanda husimama ghafla na namba za mashine mara nyingi hufutika wakati za saa zinabaki. Anza upya kabisa, usiunganishe vipande.

Linaloniuma zaidi ni wale ambao saa inawapunja kuliko wote: mzee anayerudisha mwendo baada ya kiharusi, mama aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, mgonjwa wa sukari aliyeambiwa kliniki atembee. Hao hutembea kilomita 2 kwa saa wakiwa wameshika vyuma, na wanapaswa kuvishika. Tafadhali, asiwepo wa kumwambia mzee aachie vyuma ili saa ihesabu. Mpe dakika badala ya hatua. Akitaka hatua, simu iwe kwenye mkoba mdogo uliofungwa kiunoni kwa nguvu, kwa kuwa nyonga husogea kila hatua hata mikono ikitulia. Saa pia inaweza kufungwa kifundo cha mguu, ila programu yake iliandikwa kwa ajili ya mkono, kwa hiyo mwenzake ahesabu kwa tasbihi kwanza na aone kama namba zinalingana au saa inaandika nusu. Jaribio lifanywe tena saa ikibadilishwa mkanda, programu ikisasishwa, au mzee akianza kutembea kwa kasi zaidi.