Homa Ilipokwisha

Mwaka 2019, mwanangu alipotimiza miezi 18, nilimpeleka kliniki hapa Tandika kwa sindano ya pili ya surua. Nyumbani tulikuwa tumeshamshukuru Mungu. Homa iliyomtesa karibu wiki mbili ilikuwa imekata, uji anakunywa, anakimbiza kuku wa jirani. Mama mkwe wangu alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mjukuu wake keshapona.

Muuguzi wa chanjo, mama mtu mzima, alimshika mtoto mkono ili amkalishe vizuri, akasita. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa inabanduka, ikianzia pembeni mwa kucha. Akamvua viatu, miguuni vilevile. Kisha akampandisha shati, akapapasa kovu la chanjo ya kifua kikuu begani.

"Mama, hili kovu lilivimba siku za karibuni?"

Nikamwambia ndiyo, siku za homa lilikuwa jekundu, limetuna.

"Macho je?"

Mekundu yote mawili, lakini hayakuwa na matongo. Midomo? Ilikauka ikapasuka mpaka ikatoa damu, nikawa naipaka mafuta ya mgando usiku kucha. Ulimi ulikuwa mwekundu, umejaa vijinundu. Kuhusu vipele, bibi yake alisema ni harara, na kwa joto la Machi la Dar es Salaam nani angebisha? Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu wenyewe hauonekani sana. Mimi niliujua upele ule kwa kiganja, nikimwogesha: mgongo mzima ulikuwa unakwaruza.

Muuguzi akairudisha sindano kwenye trei. "Leo simchomi. Ngoja nikuandikie rufaa, aende akapigwe picha ya moyo. Usichelewe."

Mpaka leo namwombea dua mama yule. Dalili zote alizoniuliza zilikuwa zimeshaonwa na watu wenye taaluma, ila kila moja kwa siku yake. Tulipokwenda na homa, kipimo cha malaria kikatoka hasi, tukaambiwa yutiai, tukapewa antibayotiki. Tulipokwenda na macho mekundu tukapewa dawa ya matone. Midomo ilipopasuka tukaambiwa ni upungufu wa vitamini. Hakuna aliyeziweka pamoja, na ugonjwa huu, unaoitwa Kawasaki, hautambuliki kwa namna nyingine, kwa sababu hauna kipimo kimoja cha maabara kinachosema ndio au sio. Hata aliyeugundua aliugundua kwa kuunganisha. Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani, alimwona mtoto wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1961, akaendelea kuwaandika mmoja mmoja mpaka walipofika 50, ndipo akachapisha mwaka 1967. Ugonjwa ukachukua jina lake.

Kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, mama mkwe alikataa nisiende peke yangu, ingawa njia nzima ndani ya daladala alikuwa ananung'unika kwamba namtafutia mtoto maradhi. Tulisubiri foleni na wazazi waliotoka mikoani, wengine na watoto wenye midomo ya bluu. Wangu alikuwa anarukaruka juu ya benchi. Niliona aibu kidogo kumleta pale.

Kwenye eko, ile picha ya moyo, alilia mwanzoni, daktari akampa simu achezee. Yule daktari, kijana tu, alipitisha kifaa kifuani taratibu, akasimama mahali pamoja, akapima, akapima tena. Mama mkwe akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, mtoto huyu anakula, anacheza. Moyo unaumwaje?"

"Shikamoo bibi," daktari akasema kwanza, maana tulipoingia hakuwa amemwona. Akageuza kioo ili bibi aone. "Homa imekwisha kweli. Lakini iliwasha moto kwenye kuta za mishipa ya damu, na mishipa iliyoumia zaidi ni hii midogo inayoulisha moyo wenyewe. Umewahi kuona tyubu ya baiskeli ikitoka puto upande mmoja? Ndicho kilichotokea hapa."

Mshipa uliotakiwa kuwa na upana wa milimita 2 hivi ulikuwa umezidi 3. Akatueleza kwamba uvimbe huo hujitokeza zaidi wiki ya pili na ya tatu, mara nyingi mtoto akiwa ameshaanza kuchangamka. Wakati huohuo chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huwa zimepanda sana, na damu ikizunguka polepole ndani ya puto huweza kuganda. Ikiganda ikaziba, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapata shambulio la moyo la watu wazima.

Nilimuuliza kama kulikuwa na dawa ya kuzuia. Ipo. Ni kingamwili zinazokusanywa kutoka damu ya wachangiaji wengi, huingizwa kwa dripu kwa saa nyingi, vizuri zaidi ndani ya siku 10 za kwanza za homa. Bila dawa hiyo, karibu mtoto 1 kati ya 4 huumia mishipa ya moyo. Wakiipata mapema, hushuka hadi 1 kati ya 20 hivi. Ni ghali mno, na siku zake kwetu zilikuwa zimeshapita, tena ule moto wa ndani ulikuwa umetulia. Nililia hapohapo. Mama mkwe hakusema neno, akamchukua mtoto mgongoni, akamfunga kanga.

Tulirudi na aspirini. Nusu kidonge cha zile ndogo, nakisaga, nachanganya na maji kijikoni, kila siku baada ya uji. Nikaagizwa akipata mafua makali au tetekuwanga nipige simu kabla ya kumpa tena, kwa sababu aspirini na virusi hivyo vinaweza kumdhuru mtoto ini na ubongo. Mtoto wa jirani alipoanza kutokwa na tetekuwanga, mama mkwe alifunga geti asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia.

Eko ya mwaka uliofuata ilionyesha mshipa umerudi karibu na kipimo chake. Daktari alifurahi, akatusimamishia aspirini, lakini hakutufungia faili. Ukuta ulioumia, alisema, unaweza kurudi upana wake bila kurudi ulaini wake, kwa hiyo tutaendelea kuonana. Mama mkwe ndiye aliyeuliza tarehe.