Nilivyoifikia hatua iliyokatwa ya Donkey Kong

Sisi tuliokulia kwenye gemu za kanda, Donkey Kong tuliyoijua ilikuwa na hatua tatu: mapipa, lifti, halafu zile pini za manjano unazozing'oa mpaka sokwe anaporomoka kichwa chini. Ukimaliza unarudishwa kwenye mapipa, mwendo unaongezeka, basi. Miaka yote hiyo nikajua ndiyo gemu nzima. Kumbe ile ya mashine kubwa za sarafu za ukumbini, iliyotoka Julai 1981, ilikuwa na hatua nne. Nintendo, kampuni iliyoitengeneza, walipoihamishia kwenye Famicom, kifaa chao cha kuchezea gemu nyumbani, mwaka 1983 nafasi ya kanda ilikuwa finyu, wakaiacha moja: kiwanda chenye mikanda inayobeba saruji. Na sisi tuliokuwa tukicheza kwenye vifaa vya kuigiza Famicom tukarithi upungufu huohuo.

Nilipojua hivyo nilikuwa tayari naishi Marekani, upande wa Chicago. Ningeweza kufungua video nikakiona hicho kiwanda dakika ileile. Sikutaka. Nilitaka nikifikie kwa mkono wangu, kwenye mashine yenyewe.

Brookfield, nje kidogo ya Chicago, kuna ukumbi uitwao Galloping Ghost uliojaa mashine za zamani. Unalipa mlangoni, ukishaingia unacheza utakavyo bila kutia sarafu. Kwa gemu iliyotengenezwa kula sarafu za watu, hiyo ni neema kubwa. Mwaka 1981 ningefilisika.

Tatizo ni mpangilio. Mashine za Marekani hazikupi hatua kwa mfululizo. Mzunguko wa kwanza unapata mapipa na pini tu. Wa pili unaongezewa lifti katikati. Kiwanda hakionekani mpaka mzunguko wa tatu, skrini inapoandika L=03. Yaani kukiona lazima kwanza uvuke lifti, na lifti ndizo zilizonitesa tangu utotoni.

Mapipa sikuyaogopa sana. Ukishajua kwamba pipa lililo chini yako halina habari nawe tena, macho yote unayaelekeza juu. Kazi ni kutopanda ngazi wakati pipa linakaribia ncha yake, maana linaweza kuamua kuteremka hapohapo, na ukiwa ngazini huwezi kuruka. Nyundo niliiacha. Wengi wanaikimbilia kwa sababu inaleta pointi, lakini ukiishika huruki wala hupandi ngazi, na saa ya bonasi inaendelea kushuka. Mimi nilichotaka ni uhai mmoja wa ziada, na huo unatolewa ukifika pointi 7,000. Ukicheza mzunguko wa kwanza kwa utulivu, pointi hizo zinakaribia zenyewe bila kuvunja pipa hata moja.

Kwenye pini kuna jambo moja zuri ambalo utotoni sikuliona. Pini ni nane, nne kila upande. Ukipita juu ya mojawapo inang'oka na kuacha pengo, na vile vimoto vinavyokufukuza haviwezi kuvuka pengo hilo. Mario, yule unayemchezesha, analiruka. Kwa hiyo kila pini unayoing'oa ni kazi imefanyika na papo hapo ni ukuta umejengwa. Nikaanza kuzing'oa kwa mpango, upande mmoja kwanza, nikivifungia vimoto ng'ambo. Ukiniuliza, hii ndiyo hatua iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, na Shigeru Miyamoto aliyeibuni hakuwa ametengeneza gemu ya aina hii kabla ya hapo. Hata hizo mashine za kwanza zilizouzwa Marekani zilikuwa mabaki: kampuni ilikuwa imeagiza mashine za gemu yake nyingine, Radar Scope, zipatazo 3,000, nyingi zikakosa wanunuzi, ndipo zikabadilishwa ndani zikawa Donkey Kong.

Sasa lifti. Upande wa kushoto zinapanda, wa kulia zinashuka. Hapo chini watu wengi hufa kwa kosa dogo: wanashuka kwenye lifti ikiwa juu kidogo tu ya sakafu. Mario wa mashine hii havumilii kuanguka. Akidondoka kupita kimo chake mwenyewe, amekufa. Nikajizoeza kusubiri mpaka miguu yake ilingane kabisa na sakafu ndipo nipige hatua. Mwavuli na mkoba nikaviacha vilivyo.

Taabu yenyewe iko juu. Sokwe anarusha springi zinazodunda kwenye sakafu ya juu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha zinaporomoka shimoni. Wewe unatokea kulia, inabidi ukimbilie kushoto mpaka kwenye ngazi ya binti aliyetekwa na sokwe, ambaye Mario anamwokoa. Nilikuwa nikikimbia tu na kuomba Mungu, na springi ilinikuta kila mara karibu na ngazi.

Siku moja nilisimama nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akiicheza. Alipofika pale juu hakukimbia. Mario wake alisimama tuli, springi zikampita juu ya kichwa moja baada ya nyingine, kijana anazitazama kama mtu anayesubiri daladala yake. Ghafla akakimbia kidogo, akasimama tena. Akakimbia mara ya pili, akapanda.

Nikarudi kwenye mashine nikiwa na kazi ya kutazama. Springi zote zinadunda kwa namna moja, ila hazianzii mahali pamoja. Nyingine zinatua mbele zaidi, nyingine zinaishia nyuma. Kuna sehemu mbili ambapo mdundo unakuwa juu, na ukisimama hapo barabara hazikugusi. Unasubiri kwenye sehemu ya kwanza, unaiacha ile ndefu, unaiacha nyingine, ukiona iliyotua fupi unatoka mara tu inapokupita. Unasimama sehemu ya pili. Unarudia. Uchungu wake ni kusimama pale vidole vikiwasha huku saa ya bonasi inashuka mia mia. Nilikufa zaidi kwa kutoka mapema kuliko nilivyokufa kwa kuchelewa.

Nilipopanda ile ngazi ya mwisho nilipiga kelele, jirani yangu kwenye mashine ya Galaga akageuka. Pini nikazipita mikono ikitetemeka. Mapipa ya mzunguko wa tatu yakanila uhai mmoja. Kisha mikanda ikatokea.

Nilikitazama kiwanda muda mrefu mno, nikauawa na sahani ya saruji iliyokuja taratibu kabisa. Uhai uliobaki niliutumia vizuri zaidi. Ule mkanda unakubeba usikotaka, halafu unabadilika mwelekeo. Pipa la mafuta linawaka katikati na kutema vimoto. Juu karibu na sokwe kuna ngazi zinazojivuta na kurudi, ukipanda wakati mbaya unabaki unaning'inia. Nilivuka. Kwa kweli ni hatua rahisi kuliko lifti, na kama kuna hatua ya kukatwa, Nintendo walichagua vizuri.

Kwa asiye karibu na mashine, toleo lake lipo kwenye Nintendo Switch tangu 2018, katika mfululizo wa Arcade Archives. Humo unachagua toleo la kimataifa au la Kijapani. Na kwenye lile la Kijapani, kiwanda ni hatua ya pili tu, mara baada ya mapipa.